Linda mwamba kwanza, matangi yatafuata

Vijana wa huku Kusini mwa Tanzania wanaotaka kuanzisha kituo kisicho cha faida cha kutunza matumbawe na kuzalisha samaki wa bahari hunitafuta mara kwa mara, na wengi huja na mchoro wa jengo mkononi. Wameshauliza bei ya matangi, pampu na sola. Huwa nawaambia waukunje ule mchoro kwanza. Tumbawe linalopandikizwa mahali ambapo kokoro bado linaburuzwa halimalizi mwezi, na kifaranga wa samaki uliyemlea kwa gharama kubwa hana pa kujificha kama mwamba umegeuka kifusi. Ukipata mwamba ulio hai na watu wanaoulinda, kazi imeshaanza, hata kama ofisi yenu bado ni kivuli cha mkorosho.

Kwa hiyo anza kwa kupiga mbizi. Miamba yetu imeumia kwa namna mbili, na tiba zake hazifanani. Iko iliyopigwa baruti miaka na miaka, na iliyochimbwa matumbawe yakachomwa kwenye matanuru ya chokaa, kama ilivyokuwa Mikindani. Baruti imepungua sana tangu msako mkali wa katikati ya miaka ya 2010, lakini vipande ilivyoacha bado viko chini. Kusi ikivuma, mawimbi yanavibingirisha, navyo vinasaga kila tumbawe changa linalojaribu kushika. Hapo pana haja ya mkono wa binadamu. Halafu iko miamba iliyopauka kwa joto, yaani matumbawe yake yakapoteza rangi na kuwa meupe, kama ilivyotokea mwaka 1998 pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mwamba wa namna hii, kama umbo lake bado limesimama, mara nyingi hujirudia wenyewe iwapo pono, tasi na kangaja wapo wa kula mwani unaofunika mawe. Ukiukuta, usipandikize kitu. Walinde hao samaki. Najua wafadhili wanapenda picha za vijana wakifunga matumbawe kwenye kamba, na ni rahisi kushawishika kupandikiza pasipohitaji. Kataa.

Ulinzi huo hauletwi na bango. Unaletwa na kijiji. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nenda kwa BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na ufukwe, kisha kaa na akina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa, maana hao ndio wanaoujua mwamba shimo kwa shimo, na kwenye mikutano ndio wanaokaa nyuma. Katika kikao kimoja bibi mmoja alisimama akaniuliza, "Mwanangu, mkishaufunga mwamba, jioni mimi nitateleka nini?" Mpango wowote usio na jibu la swali hilo utavunjwa usiku, na sitawalaumu watakaouvunja. Jibu letu lilikuwa kuanza na pweza. Pweza anakua haraka mno, hivyo mkilifunga eneo dogo kwa miezi mitatu, siku ya kulifungua mama anabeba pweza mwenye uzito ambao hajauona siku nyingi. Mengine ya mwamba yanaachwa yaendelee kuvuliwa kama kawaida. Watu wakishaona matunda ya kufunga kwa muda mfupi, ndipo wanakuwa tayari kuzungumzia eneo la kufungwa moja kwa moja. Na chagua wakati wa vikao: msimu wa korosho kila mtu yuko shamba au anafuatilia malipo yake, na jando na unyago vikiwadia, usitegemee akidi.

Makaratasi hayakwepeki, ila hayatishi. Asasi inasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Anza na ngazi inayolingana na uwezo wenu wa kutoa taarifa kila mwaka. Kusajiliwa hakukupi msamaha wa kodi. Hilo ni ombi jingine, kwa mamlaka ya mapato, TRA. Bodi isiwe ya mke, mume na shemeji. Kuvuna au kusogeza matumbawe kunahitaji kibali cha mamlaka za uvuvi, na kama eneo lenu liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, mazungumzo yaanzie ofisi ya hifadhi. Mtafiti kutoka nje ya nchi apitie COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, kabla hajalowesha mguu.

Pale pa kupandikiza, chukua vipande vilivyokwishavunjika na kulala mchangani. Vingi bado viko hai. Ukilazimika kukata kwenye tumbawe mama, usizidi sehemu moja ya kumi. Matumbawe ya matawi ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa yanaweza kurefuka sentimita kumi au zaidi kwa mwaka, wakati yale ya mviringo makubwa huongeza kama sentimita moja tu. Kipande kinafungwa kwenye kamba au fremu mahali penye mwanga na maji yanayotembea, mbali na midomo ya mito. Ruvuma na Lukuledi zikijaa mvua za masika, tope na maji ya mto yasiyo na chumvi hufika mbali kuliko unavyodhani. Baada ya hapo kazi kubwa ni usafi. Kila wiki mtu anashuka na mswaki, anasugua mwani kwenye kamba, anaokota konokono wadogo wanaokula nyama ya tumbawe, anakagua kama ncha za matawi bado ni nyeupe kidogo, dalili kwamba linakua. Tumbawe zima likipauka, acha kuligusa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani, na kipindi cha namna hiyo si cha kukata vipande vipya.

Sasa uzalishaji wa samaki. Wengi wanataka mwatiko au chewa kwa sababu wana soko. Mwatiko huchukua kama miaka mitano kukomaa na anahitaji matangi makubwa. Chewa huanza maisha akiwa jike na baadaye hugeuka dume, kwa hiyo kupata wazazi ni shughuli. Nashauri muanze na wale samaki wadogo wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya anemoni, yule kiumbe laini wa baharini mwenye mikono mingi kama ua. Jike hutaga kwenye jiwe au kigae, dume analinda mayai na kuyapepea kwa mapezi, na baada ya siku saba hadi kumi, giza likishaingia, yanaanguliwa. Usiku huo ndio unaokufundisha kazi. Taa zote zimezimwa, unamulika tochi upande mmoja wa tangi, na vijisamaki vyembamba kama nyuzi vinaufuata mwanga huku macho tu ndiyo yanayong'aa. Kufikia asubuhi lazima viwe na rotifa, vijidudu vya majini vidogo mno, wa kula ndani ya maji, na rotifa nao lazima wawe wameshalishwa mwani siku nyingi kabla, si ule wa kamba bali mwani mdogo usioonekana kwa macho. Ndiyo maana mzalishaji wa samaki wa bahari ni mkulima wa mwani kwanza. Fuga mwani na rotifa hadi visikatike, ndipo utafute jozi ya wazazi. Nenda ukajifunze kwenye kituo cha kutotolea viumbe wa baharini cha Beit el Ras, Unguja, na hapa kwetu zungumza na chuo cha uvuvi cha FETA Mikindani kuhusu wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Umeme ukikatika, kukosa hewa ndiko kunakoua samaki, kwa hiyo betri ya pampu ya hewa inunuliwe kabla ya tangi la pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Pimeni umbali huo kabla hamjalipia kiwanja. Maji machafu yapite kwenye bwawa la kutulia kabla ya kurudi. Na samaki waliozaliwa kwenye tangi wasiachiwe baharini bila ruhusa na ushauri wa wataalamu: wanaweza kubeba ugonjwa, na watoto wa wazazi wachache hawafai kuchanganywa na samaki wa porini.

Kuhusu fedha, mfadhili hulipia vitu vinavyoonekana na husita kwenye mafuta ya boti, chakula cha samaki na posho za walinzi wa usiku. Mwambieni tangu barua ya kwanza kwamba hivyo ndivyo mnavyohitaji. Kabla hamjagusa chochote, hesabuni samaki na matumbawe kwenye mwamba wenu na kwenye mwamba mwingine usiolindwa, kisha mrudie hesabu hiyo kila mwaka, msimu uleule. Matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mabaya na mazuri, pamoja na fedha zilizoingia na zilivyotumika, na karatasi yenyewe ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.