Muulize Mfamasia: Vidonge vya umakini, kwa mtoto na kwa mwanafunzi

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Daktari amesema ana ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kukaza umakini), akamwandikia methilifenideti, miligramu 5 asubuhi na 5 baada ya shule. Darasani sasa anatulia, lakini chakula hagusi, na usiku hapati usingizi hadi saa 6. Jirani ananiambia namlisha mtoto dawa za kulevya. Nimwachishe? – Mama S., Tanga

JIBU: Usimwachishe kwa neno la jirani, Mama S. Ni kweli dawa hii inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa 1971, na ndiyo maana huuziwi bila cheti. Lakini mtoto anayeimeza kwa kipimo alichoandikiwa halewi. Dawa inazuia dopamini na noradrenalini, kemikali za kupitisha ujumbe ubongoni, zisifyonzwe upesi kurudi ndani ya seli za ubongo, na mtoto anaweza kukaa na jambo moja hadi alimalize.

Kosa tunaloliona ni saa. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa 3 hadi 4, kwa hiyo cha pili kikimezwa saa 10 jioni, usingizi unaweza kusumbuka. Zungumza na daktari kisogezwe hadi saa 6 mchana, na mwalimu akisimamie yeye, kisikae kwenye begi la mtoto. Jioni dawa inapoisha, watoto wengine huwa wakali au hulialia kwa muda. Wazazi hudhani dozi ni ndogo, wakaongeza nusu kidonge wenyewe. Hapo ndipo usiku unapoharibika kabisa. Dozi huongezwa na daktari, miligramu 5 hadi 10 kwa wiki, na miligramu 60 kwa siku ni ukomo, si lengo.

Chakula: mpe uji mzito wa maziwa na karanga, na yai, kabla ya kidonge cha asubuhi. Mchana akila kidogo usigombane naye. Hamu hurudi jioni, basi mlo mkubwa uwe huo, na kitu kidogo tena kabla ya kulala. Nunua daftari: uzito kila miezi 3, urefu kila miezi 6, presha na mapigo ya moyo kila dozi inapobadilika na kila miezi 6. Uzito ukishuka au urefu ukisimama, daktari anaweza kuipumzisha dawa wakati wa likizo au kuibadilisha.

Mwambie pia daktari kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, au kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia. Taja kila dawa nyingine anayotumia. Linezolidi, inayotumika kutibu TB sugu, ikikutana na methilifenideti inaweza kupandisha presha vibaya. Maumivu ya kifua, kuona au kusikia visivyokuwepo, au uume kusimama kwa maumivu: hospitali siku hiyohiyo. Hilo la mwisho wavulana hulificha kwa aibu, kwa hiyo mwambie mapema kwamba si kosa lake.

SWALI: Chuoni tunanunua hivi vidonge kwa rafiki, tunakesha navyo wiki ya mitihani. Wengine wanachanganya na mirungi. Kuna ubaya? – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Upo, tena mkubwa. Kidonge kinakunyima usingizi na kukupa hisia kwamba umesoma vizuri, ilhali ubongo huyapanga uliyoyasoma wakati umelala. Mirungi ina kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini, kichangamshi kikali. Ukizichanganya, moyo unasukumwa na vichangamshi viwili kwa pamoja. Halafu hujui unameza nini: kuna kidonge cha miligramu 10 kinachoisha baada ya saa chache, na kuna cha 54 kinachojiachia polepole siku nzima. Hicho cha pili ukikisaga au kukitafuna, dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo.

Mwenzenu akichemka mwili, akitetemeka, akichanganyikiwa au akipata degedege, mpelekeni hospitali na pakiti, mseme ukweli wote. Na kama umeshazoea kumeza kila siku, usipambane peke yako. Ukiacha, uchovu na huzuni huja kwa nguvu, na wengine hufikia kuwaza kujiua. Muone daktari kabla hujafika huko. Ukisinzia ghafla mchana hata ukiwa umelala vya kutosha, mwambie hilo pia: huenda ni nakolepsi, ugonjwa wa usingizi ambao vichangamshi huitibu kihalali.

SWALI: Nasafiri kwenda Dubai, natumia methilifenideti. Nibebe vipi?

JIBU: Omba kibali cha mamlaka za huko zinazosimamia dawa kabla ya safari. Beba dawa kwenye pakiti yake yenye jina lako, pamoja na cheti na barua ya daktari. Usitie vidonge kwenye kichupa kingine, na usibebe vya mwenzako.