Msimkalishe mzee!

Chupa ya uji iacheni nyumbani! Umesema mzee ametolewa donge la damu ubongoni leo asubuhi, na saa kumi mnaenda kumkalisha, kumlisha, halafu mjue bili na mazoezi. Mumkalishe vipi na kinena kina tundu?

Ule mrija wa kutolea donge haukupitia kichwani. Kwa wengi huingilia kwenye ateri kubwa ya kinena, ukapanda hadi ubongoni. Ukikunja nyonga kabla tundu halijashika, na pengine alishadungwa dawa ya kuyeyusha donge, linaweza kufumuka.

Mama yangu naye alitolewa donge hivyo hivyo, na nilimwinua mimi, kwa mikono hii. Shangazi mmoja, daktari wa WhatsApp, alishika kiuno: "Mtu halazwi chali kama maiti, mpeni uji wa wimbi apate nguvu." Sista alikuwa anakabidhi zamu, sikumngoja. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mama maneno, akawa anavuta shuka tu na kukunja uso. Tukadhani ni baridi. Nikamfunika blanketi! Mimi ni fundi wa magari Kirinyaga Road. Tone moja la oili chini ya gari la mteja, nalala kwenye vumbi nijue linatoka wapi. La mama nikalifunika na blanketi la maua.

Haikupita nusu saa: jasho jembamba, uso wa majivu, presha chini. Sista alipofunua, kinena kimevimba kama ngumi, kigumu. Akakandamiza kwa vidole, juu kidogo ya pale palipodungwa, hakuachia mpaka daktari akafika. Damu nyingine ilikuwa imevujia ndani, nyuma ya tumbo, ambako jicho halifiki. Akaongezwa damu chupa mbili. Na ule mkono wa kulia, ulionifinya asubuhi nikalia kwa furaha, ukalegea tena. Ubongo uliotoka kuzibuliwa hautaki presha ianguke. Shangazi wakati huo kashapanda matatu ya Kayole.

Mguu unyooke, kinena kionekane, mpaka sista mwenyewe aseme basi. Akilalamikia mgongo, au mguu ukipoa, ita kwa sauti, usione haya. Uji ndio kabisa: kabla hawajampima kama anameza, unaweza kuishia mapafuni.

Bili nitakueleza nikimaliza gari la watu. Mpigie kwanza aliye wodini, afunue shuka aangalie.