Mpigaji Akikosea Mara Moja, Siku Imekwisha: Kwa Kijana Anayetaka Kuichezea Kenya Kriketi

Nilikuwa na mikimbio 43, yaani alama anazopata mpigaji, nilipoamua kuupiga mpira wa yule mrushaji wa polepole uvuke miti. Ilikuwa Jumapili, mechi ya klabu hapa Nairobi, na tulikuwa tumenong'onezewa kwamba wateuzi wa timu ya taifa wamekuja. Mpira wenyewe haukuwa wa kupigwa vile. Ulipaa, ukashuka mikononi mwa mchezaji wa upande wa pili ambaye hakulazimika hata kusogea, nami nikawa nimetolewa. Nikakaa pembeni na pedi zangu miguuni, nikiwatazama wenzangu wakicheza alasiri nzima. Kisha mvua ikaingia, na zaidi ya mwezi ukapita kabla sijashika bati, gongo la kupigia mpira, tena kwenye mechi. Wateuzi sikuwaona tena.

Vijana ninaowafundisha Jumamosi huwa nawasimulia kisa hiki kabla hatujagusa mpira. Mrushaji akiharibu, anao mpira mwingine. Ova, yaani zamu moja ya kurusha, ina mipira sita na atarudishwa baadaye. Mpigaji hana nafasi hiyo; akitolewa harudi. Na kwetu uchungu ni mara mbili, kwa kuwa mechi zenyewe ni chache. Sachin Tendulkar wa India alicheza mechi 463 za kimataifa za siku moja. Steve Tikolo, mpigaji bora kuliko wote ambao nchi hii imewahi kupata, hakufikisha hata 140. Kila siku aliyoingia uwanjani ilikuwa na uzito ambao mwenzake wa India hakuubeba.

Ndiyo maana namtaja Tikolo kila mara. Alizaliwa Nairobi mwaka 1971, na mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilikuwa dhidi ya India, Februari 1996, kule Cuttack, India, kwenye Kombe la Dunia. Hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 24. Mdogo wangu wa miaka 17 unayelia kwamba umesahaulika, soma tena sentensi hiyo. Alipoingia siku hiyo alipata mikimbio 65. Wiki chache baadaye, mjini Kandy, timu ya Sri Lanka iliwarundikia Kenya mikimbio 398, idadi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia katika mechi ya namna hiyo. Mtu mwingine angeona mlima ule akaanza kupiga ovyo. Tikolo alitulia akapata 96. Kenya ilishindwa, lakini ilimaliza ova zake 50 ikiwa na 254, na wapigaji wanne bado hawajatolewa.

Jambo gumu zaidi kumfundisha mtoto limo katika fainali ya Kombe la ICC, yaani la Baraza la Kimataifa la Kriketi, Kuala Lumpur, 1997. Tikolo alipiga 147. Mvua ikaingilia, hesabu ya Bangladesh ikapunguzwa, na wakashinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado ukarudi nyumbani bila kombe. Kama moyo wako hauwezi kulibeba hilo, ni afadhali ujue mapema. Kuna michezo mingine mizuri. Yeye alilibeba, na mwaka 2003 akiwa nahodha aliiongoza Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia, akapata 56 siku ile India walipotutoa kule Durban, Afrika Kusini.

Sasa, mazoezi. Acha kuhesabu mikimbio kwa msimu mmoja. Hesabu mipira uliyocheza. Andika daftarini. Kijana aliyecheza mipira 60 akapata 20 ana kitu kikubwa zaidi cha kujengea kuliko aliyepata 30 kwa mipira 12 akatoka. Huhitaji neti za klabu, yaani nyavu za mazoezi, kila siku. Tia mpira ndani ya soksi, uning'inize kwenye boriti au tawi, upige taratibu huku kichwa kimetulia na macho yako yako juu ya mpira hadi unapogusa bati. Mpira wa tenisi uliolowa maji ukirushwa kwenye sakafu ya saruji huteleza kwa kasi, na utakufundisha kuharakisha miguu. Na ujifunze kuuacha mpira. Kuuacha ule unaopita nje ya wiketi, vile vijiti vilivyo nyuma yako, ni ustadi, ingawa hakuna atakayekupigia makofi.

Mzazi, usimnunulie mtoto bati la mtu mzima ukisema atalikulia. Bati zito huvuta bega la chini, mtoto anaanza kufyeka mpira kama anayekata majani, na tabia hiyo nimehangaika nayo miaka kwa watoto wengine bila kuing'oa. Mwambie alinyanyue kwa mkono wa juu peke yake. Akishindwa kulishikilia sawa, rudisha dukani. Fedha iliyobaki iende kwenye helmeti nzuri.

Na shule isiachwe. Nilimwacha mwalimu wangu wa hesabu akinisubiri kwa muhula mzima kwa ajili ya safari za klabu, nikaja kurudia mtihani nikiwa mtu mzima, usiku, baada ya kazi. Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014, na wapigaji wenye vipaji vikubwa wakabaki bila mechi na bila mshahara wa mchezo. Waliokuwa na cheti waliendelea kuja mazoezini jioni, wametoka kazini, bati begani.