Sukari kushuka alfajiri na huna kisukari: yaliyonikuta mimi

Mkuu, poleni wewe na shemeji. Umesema anaamka alfajiri kaloa jasho, anaongea yasiyoeleweka, sukari 2.3, kisukari hana, na majibu ya maabara yanaonyesha insulini (homoni inayoshusha sukari) na C-peptidi zote ziko juu. Mimi yalinikuta hayohayo, nikameza dawa za kifafa karibu miaka miwili.

Kwangu ilianza na shati. Mke wangu alinikuta saa kumi na moja alfajiri nahangaika kupitisha mguu kwenye mkono wa shati. Akanipa chai ya sukari, dakika kumi nikarudi kuwa mtu. Basi nikawa nakula hadi usiku wa manane, nikanenepa, mtaani wakasema ndoa imenikubali. Shangazi akasema jini, akaniletea kombe. Lilinisaidia kweli, lilikuwa na asali!

Hiyo C-peptidi ndiyo ya kuangalia. Seli za beta za kongosho hutengeneza kwanza mnyororo mmoja mrefu, proinsulini, kisha huukata: insulini kando, kipande cha katikati kando. Kipande hicho ndicho C-peptidi, na kila insulini inayotoka kwenye seli hutoka na chake kimoja. Insulini ya sindano haina. Kwa hiyo ya shemeji inatoka kwenye kongosho lake mwenyewe. Hapo mshukiwa ni uvimbe wa seli hizo, insulinoma, au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, maana navyo huzikamua seli hizohizo. Mimi nilipoulizwa kuhusu vidonge nilikasirika, kumbe dawa za kisukari za mama zilikaa kabati moja na Panadol zangu. Wakavitafuta kwenye damu, havikuwemo.

Ukafuata mfungo wa wodini, kuona kama sukari itashuka: hadi saa 72, maji tu. Mimi nilifika saa ya 13, sukari 2.1. Wakatoa damu kwanza, ndipo dripu ya glukosi. CT (picha ya skani) ikaonyesha kivimbe cha sentimita 1.5 kwenye mkia wa kongosho, kikatolewa.

Umeuliza kama ni saratani. Insulinoma kama 9 kati ya 10 si saratani. Nyingi hazifiki sentimita 2, ndiyo maana CT huweza kuzikosa. Ikizikosa, ulizia ultrasaundi inayopitishwa mdomoni.

Kwa sasa weka juisi karibu na kitanda. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.