Mama Mwalimu Anajibu: Uchafu wa London uko wapi?

SWALI: Jambo Mama Mwalimu. Niko mwaka wa sita, hapa Katuba, Lubumbashi. Mwalimu wa Kiingereza alitupatia shairi la William Blake, "London", mishororo 16, tulichambue. Niliandika kwamba mshairi anauchukia mji kwa sababu ya uchafu wake. Nimepata 8 kwa 20, na pembeni maneno mawili: "Soma tena." Nimesoma tena mara nne. Nisome nini? Tena, mbona mwishoni analeta harusi ndani ya gari la maiti?

JIBU: Mwanangu, hata Blake mwenyewe alianzia hapo hapo ulipoanzia. Katika daftari lake la rasimu aliandika mitaa "michafu" na mto Thames "mchafu". Kisha akafuta. Shairi lilipotoka mwaka 1794 pale palikaa neno lingine, chartered, kwa mtaa na kwa mto pia. Charter ni hati ya mfalme inayowapa watu fulani haki ya kumiliki, kufanya biashara, kutoza. Wenye hati wanakuwa na mji. Wengine wanapita tu. Mtaa kuwa na mwenyewe, basi, tumezoea. Lakini mto? Maji yanayotembea?

Mimi neno hilo sikulielewa kwa kamusi. Nilikulia kwenye kambi ya wafanyakazi, baba akifanya kazi kwenye tanuru za shaba. Nyumba ilikuwa ya kampuni, unga wa mposho wa kampuni, na king'ora cha kampuni ndicho kilichomwambia mama saa ya kusonga bukari. Baba alipougua akaachishwa kazi, tulipewa siku chache tuwe tumetoka. Mama alifagia kila chumba, akapiga maji barazani, ndipo akatoa ufunguo. Nyumba iling'aa. Haikuwa chafu hata kidogo, ila ilikuwa chartered. Na ardhi ya Katanga nzima ilikuwa na hati zake: tangu 1900 ilisimamiwa na chombo cha kikoloni, Comité Spécial du Katanga, miaka 10 kabla mji wetu haujaanzishwa.

Sasa funga macho. Katika ubeti wa kwanza mshairi anatazama nyuso na kuona alama za udhaifu na huzuni. Kuanzia wa pili ni masikio tu. Neno "kila" linagonga mara 5 ndani ya mishororo mitatu, na kinachosikika katika kila sauti ni pingu zilizofuliwa akilini. (Kufua chuma, si kufua nguo. Darasa langu lilicheka hapo kila mwaka.) Hapa napo rasimu ilisema kingine: minyororo iliyofuliwa "Kijerumani", kwani wafalme wa Uingereza wakati ule walikuwa wa ukoo wa Hanover, uliotoka Ujerumani. Angeiacha hivyo, lawama yote ingemwangukia mfalme, na sisi wengine tungelala usingizi mzuri.

Ubeti wa tatu, chukua herufi ya kwanza ya kila mshororo, shuka nazo: H, E, A, R. Sikia! Tusikie nini? Kilio cha mtoto anayeingizwa ndani ya dohani kukwangua masizi. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza walio chini ya miaka 8, lakini ilibaki kwenye karatasi. Kisha pumzi ya askari, na Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa tangu 1793. Angalia sauti hizo zinavyofanya: kilio kinalishtua kanisa lenye masizi, pumzi inatiririka kama damu kwenye kuta za ikulu. Huo ndio uchafu uliouona wewe, ila uliutafuta barabarani. Blake ameupeleka ukutani kwa wakubwa.

Harusi sasa. Usiku wa manane, binti anayeuza mwili wake analaani. Nani mteja wake? Wasomaji wengi, nami pia, tunaona humo mume wa mtu, anayerudi nyumbani na ugonjwa wa zinaa, akampa mkewe, na mtoto akazaliwa nao machoni. Ndiyo maana laana inafika kwenye chozi la mtoto mchanga kabla ya kufika kwenye ndoa. Gari la bibi harusi na gari la maiti ni gari moja.

Nusura nisahau, na kwa mtu wa Lubumbashi ingekuwa aibu: mashairi yake Blake aliyachora mwenyewe juu ya bamba za shaba, akiandika herufi kinyumenyume, kisha asidi inakula sehemu zisizopakwa, na maandishi yanabaki yameinuka. Daftarini unaweza kufuta "chafu". Kwenye shaba, thubutu!

Mwalimu wako hakukuonea. Mimi ningekupa 9, hiyo moja ya juu ni ya kuuliza habari ya gari la maiti.