Blanketi la viraka vya vitenge: mbona mchoro haujitokezi?

Mleta mada anasema kashona bloku 36 (vipande vya mraba vya viraka) za mtindo wa Log Cabin kwa mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi, kazipanga sita kwa sita, na akisimama mbali haoni matuta wala almasi, anaona vurugu tu. Anauliza kama rangi hazipatani, na kama bloku zinaweza kuokolewa.

Mkuu, rangi zako hazina kosa. Bloku hii haichorwi na rangi, inachorwa na mwanga na giza. Kitovu kinakaa katikati, mikanda inakizunguka, pande mbili zinazopakana zikiwa nyepesi (za mwanga) na mbili zilizobaki zikiwa nzito (za giza), hivyo bloku nzima inagawanyika kwa mshazari. Mshazari huo ukififia, hata uzigeuze vipi hizo bloku hutapata umbo lolote. Nyekundu na kijani cha majani zinapigana machoni, lakini mara nyingi uzito wake unakaribiana, kwa hiyo ukiziweka moja kila upande mshazari unakufa. Njano kali inapiga kelele ila ni nyepesi. Bluu iliyoiva imetulia ila ni nzito.

Kipimo kipo mfukoni mwako. Tandaza mabaki yote sakafuni mchana, yapige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Gawa mafungu matatu: nyepesi, nzito, na za kati. Fungu la kati ndilo linaloharibu kazi za watu wengi. Rangi ya chungwa ikikaa karibu na bluu nzito inaonekana nyepesi, ikikaa karibu na krimu inaonekana nzito. Ukiitia upande wa mwanga kwenye bloku tano na upande wa giza kwenye bloku saba, umefuta mchoro mwenyewe. Amua kila kitambaa cha kati kinaenda upande gani na kikae hukohuko blanketi zima. Kisichoamulika kiache, kitafaa kushonea mfuko.

Kitenge kina shida yake ya ziada. Maua yake ni makubwa, na kitambaa kimoja kinaweza kuwa na nyeupe na nyeusi kwa pamoja. Ukikikata mikanda, mkanda mmoja unatoka mweupe, unaofuata mweusi, mwingine nusu kwa nusu. Chukua karatasi ngumu, toboa dirisha la inchi 1 kwa 8, litembeze juu ya kitambaa. Hicho unachokiona dirishani ndicho kitakachobaki baada ya kushona. Kama dirisha linabadilika kutoka jeupe hadi jeusi kila ukisogeza kidogo, kitambaa hicho hakifai mikanda, hata kikiwa kizuri namna gani kikiwa gauni. Vitenge vya maua madogo na batiki za rangi moja ndivyo vinavyobeba kazi. Halafu kuna hila moja: vitenge vya bei nafuu vilivyochapwa upande mmoja vina mgongo uliopauka. Geuza mgongo juu, unapata kitambaa chepesi cha ukoo uleule wa rangi bila kununua kingine.

Khanga sipendi kuichanganya na kitenge kwenye bloku moja. Ni laini zaidi na inavutika, mkanda wake unarefuka chini ya mguu wa cherehani na bloku inapinda. Ukiilazimisha, ipige stachi kabla ya kukata.

Kitovu kwa desturi ya Marekani, ambako mtindo huu ulienea sana kuanzia miaka ya 1860, ni chekundu, na husemwa kuwa ni moto wa nyumbani. Si sheria. Sharti ni kitovu kisifanane na mkanda wa kwanza kinachoguswa nao, la sivyo kinamezwa. Kumbuka pia vitovu 36 vya rangi kali vinajenga nukta zilizopangana kwa safu, na nukta hizo zinashindana na umbo kubwa. Ukitaka almasi itawale, punguza ukali wa kitovu.

Sasa vipimo, maana nahisi nusu ya tatizo lako iko hapa. Kwa bloku ya inchi 8 ikishashonwa: kitovu kata inchi 2½ kwa 2½, mikanda yote upana wa inchi 1½, mshono robo inchi, mizunguko mitatu. Mikanda myepesi ina urefu wa 2½, 3½, 4½, 5½, 6½ na 7½. Mizito ni 3½, 4½, 5½, 6½, 7½ na 8½. Kila mzunguko shona nyepesi mbili kwanza, kisha nzito mbili, ukielekea upande uleule siku zote. Jumla ni inchi 30 za nyepesi na 36 za nzito kwa bloku, ndiyo maana giza linashinda kidogo. Ukitaka mwanga ndio ushinde anza na nzito, ila usichanganye mianzo miwili kwenye kazi moja. Kwa bloku 36 na kitambaa chenye upana wa inchi 44 zinazofaa kukatwa, nyepesi zinakula mikanda 25 ya upana wote wa kitambaa, nzito 30, na vitovu robo yadi. Nunua au kusanya yadi 1½ za nyepesi na 1¾ za nzito, ziada ni ya kufua na kukosea.

Kata mikanda kwa urefu huo kabla ya kushona, usishone mkanda mrefu ukaja kukata mwishoni. Mkanda uliokatwa ndio mwalimu wako: ukizidi ukingo wa bloku, mshono wako ni mnene kuliko robo inchi. Usiuvute, usiuchonge, rekebisha mshono. Ukinenepa kwa 1/16 ya inchi tu, kila mshono unakula 1/8 kwa pande zote mbili, na bloku ina mishono sita kutoka ukingo hadi ukingo. Hiyo ni robo tatu ya inchi imepotea, bloku inatoka 7¾ badala ya 8½, ambayo ndiyo saizi yake kabla ya kuunganishwa na nyingine. Bandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kitembee kikiigusa. Pasi ibonyeze na kuinua, ukiisukuma mkanda unapinda. Mishono yote ilalie nje, mbali na kitovu.

Kabla ya yote fua. Vitenge vyekundu na bluu hutoa rangi, na chumvi haizuii. Visugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kikichafuka rudia kufua hadi kitoke safi.

Mipangilio yote inatoka kwenye bloku ileile, unachogeuza ni kona ya giza. Matuta (Wamarekani husema Straight Furrow): bloku ya kwanza giza liwe chini kulia, ya pili juu kushoto, zipishane hivyo kwa safu na kwa nguzo, kama ubao wa drafti. Zikielekea zote upande mmoja hupati matuta, unapata meno ya msumeno. Radi: panga matuta, kisha bloku zote za nguzo ya 2, 4 na 6 zizungushe robo mzunguko kinyume cha saa. Jua na kivuli: kila bloku nne, kona za giza zikutane katikati. Sita kwa sita inakupa almasi tisa za giza na nne kamili za mwanga. Barn Raising, ambayo kwangu ndiyo inayolipa kazi yote hii: gawa blanketi robo nne za bloku tatu kwa tatu, kila robo iwe na matuta yanayokata njia ya kuelekea katikati, unapata almasi ndani ya almasi. Inahitaji idadi shufwa kila upande, saba kwa saba haikai.

Piga picha kila mpangilio kabla ya kuhamia mwingine, halafu zilinganishe simuni. Ukishaamua, bandika namba kwenye kila bloku, maana ukibeba rundo kwenda kwenye cherehani moja lazima igeuke.

Kuna watakaosema kina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kule Marekani, hushona Housetop, ndugu wa bloku hii, bila kugawa mwanga na giza. Kweli. Ila huko umbo hubebwa na mikanda mipana na pengine bloku moja kubwa inayojaza blanketi zima. Kwenye mikanda ya inchi moja hiyo njia haikusaidii.

Kuhusu bloku ulizokwisha kushona: piga picha nyeusi na nyeupe. Zile zenye mshazari unaoonekana ziweke katikati, zilizofifia zipeleke pembeni, na ujaribu Jua na kivuli, ambayo inasamehe zaidi. Kama zaidi ya nusu zimefifia, acha kutafuta umbo kubwa. Zitenge kwa ukanda wa kitambaa cha rangi moja, kata inchi 2 ubaki 1½, kila bloku isimame peke yake. Unahitaji vipande vifupi 30 vya inchi 8½ na virefu 5 vya inchi 56, yadi 2 zinatosha na blanketi linafika inchi 55½. Kaniki inapendeza sana hapo, lakini ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe.