Kabla hujatundika kisanduku cha ripoti ukutani

Mwaka wangu wa tatu kama fundi wa ndege pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, nilimaliza kukagua ndege moja ndogo aina ya Caravan nikaacha kifuniko cha tangi la mafuta hakijakazwa. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, baridi ile ya Nairobi inayotia vidole ganzi. Ndege hiyo mabawa yake yako juu, na mafuta hutiwa kwa juu ya bawa. Ngazi tuliyokuwa nayo ilikuwa fupi. Ukisimama kidato cha mwisho, mkono ulikifikia kifuniko lakini macho hayakukiona. Kwa hiyo sote tulikuwa tunakifunga kwa kupapasa. Nilisikia kikigota, nikashuka, nikatia sahihi.

Ndege ikaenda Marsabit, ikarudi. Jioni kapteni akaniita nyuma ya hanga. Alipotua kule aliona michirizi ya mafuta kwenye ukingo wa bawa, akaparamia juu, akakuta kifuniko kimelegea. "Fundi, hii tuimalize hapa hapa," akaniambia. "Tukiiandika, wewe ndiye utaenda nyumbani." Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne.

Baada ya miezi minane, mwenzangu wa zamu nyingine alikosea vile vile, kwa ngazi ile ile. Safari hiyo mafuta yalivuja mengi zaidi, rubani akalazimika kukatiza na kutua Nanyuki. Hakuna aliyeumia. Mwenzangu akafutwa kazi Ijumaa ya wiki hiyo, na ngazi ikabaki pale pale ilipokuwa.

Siku hizi kazi yangu, katika kampuni nyingine, ni kupokea ripoti za usalama. Watu huniuliza namna ya kuanzisha mpango ambao wafanyakazi watasema wenyewe, kwa hiari, bila kuogopa. Wengi ni wa ndege, lakini amewahi kuja muuguzi, na hata mwenyekiti wa sacco ya matatu. Karibu kila mmoja huja akiwa ameshanunua kisanduku cha kutumbukizia ripoti. Kisanduku ni jambo la mwisho kabisa.

Anza na swali hili: nani atasoma? Akisoma mtu anayeandika barua za onyo, umeshapoteza. Somo hili lililipiwa kwa uhai wa watu. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya kampuni ya ndege ya TWA ilikuwa ikielekea kutua uwanja wa Dulles, karibu na Washington, ikagonga mlima huko Virginia. Watu wote 92 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki sita kabla, marubani wa kampuni nyingine, United, walikuwa wameshuka mapema vile vile kwenye njia ile ile, wakaponea chupuchupu. Wao waliripoti, na kampuni yao ikawaonya marubani wake. Wa TWA hawakuambiwa. Kila nikisoma habari hiyo huikumbuka ngazi yetu.

Baada ya ajali hiyo, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilipoanza kuomba ripoti, watu walisita, kwa kuwa aliyeomba ndiye aliyekuwa na kiboko mkononi. Ndipo mwaka 1976 kazi ya kupokea na kusoma ikakabidhiwa NASA, shirika lao la anga za juu, ambalo halina leseni ya kumnyang'anya mtu wala mshahara wa kumkata. Tangu hapo wamepokea ripoti zaidi ya milioni moja. Kenya nasi tunabanwa na Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinachotaka kila nchi iwe na mpango wa ripoti za hiari. Lakini kampuni yenye watu 40 haina NASA yake. Sisi tulimtafuta fundi mstaafu, mzee anayeheshimika na mafundi, anakuja Jumanne na Alhamisi. Hampimi mtu kazi, hapandishi cheo, hahudhurii vikao vya nidhamu. Akitoka saa kumi hufunga kabati na kuondoka na ufunguo.

Jambo la pili ndilo ninalobishana nalo sana na wenzangu. Usiwaahidi watu kwamba hawatajulikana kabisa. Katika kampuni ndogo hiyo ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Ripoti ikisema "Jumapili alfajiri, gurudumu la kushoto, ndege fulani," kila mtu anajua nani alikuwa zamu, na mwandiko tunaufahamu. Mfanyakazi anajua hivyo kabla yako. Ukimwahidi lisilowezekana, atajua pia kwamba ahadi zako nyingine ni za mdomoni. Ahidi usiri, yaani mtu mmoja tu atajua, na jina halitavuka mlango wake.

Kuna faida nyingine. Ripoti isiyo na jina huwezi kuiuliza swali. Yule mzee wetu mara nyingi humpigia mtu simu jioni: "Kijana wangu, hapa umeandika taa ilikuwa hafifu. Hafifu vipi? Uliweza kusoma namba?" Ripoti ya mistari minne hugeuka kuwa jambo linaloeleweka. NASA nao hufanya hivyo. Jina hukaa kwenye kipande cha juu cha karatasi, wakishaelewa hukikata na kumrudishia mwenyewe, kikiwa na muhuri wa tarehe. Sisi tumeiga. Makasi yako kwenye droo ya mzee, na mwandishi akitaka hukatiwa mbele ya macho yake.

Fomu yetu ni nusu ukurasa. Ya kwanza niliyoiandaa ilikuwa kurasa tatu, kwa Kiingereza, na sehemu ya kwanza iliuliza jina, cheo na nambari ya mfanyakazi. Haikujazwa hata moja. Sasa tunauliza: nini kilitokea, nini kilifanya iwe rahisi kutokea, na wewe ungebadilisha nini. Hatuulizi nani. Andika Kiswahili, Kiingereza, changanya, au mtumie mzee ujumbe wa sauti. Wapakiaji mizigo wetu hawapendi kuandika ila wanaona kila kitu.

Weka mipaka wazi na uisome kwa sauti mbele ya watu. Kosa la bahati mbaya linalindwa. Kulewa kazini, kuiba, kughushi sahihi, kuharibu kwa makusudi havilindwi. Ajali kamili nayo ina njia yake ya kisheria na wachunguzi wake. Wamarekani nao hufanya karibu hivyo: ukiripoti ndani ya siku 10, kosa likiwa si la kukusudia, unaweza kuepushwa adhabu hata kama mamlaka itathibitisha umekosea. Watu wazima huelewa mpaka. Kinachowatia hofu ni mpaka unaosogea kulingana na hasira ya bosi.

Halafu jibu. Hapa ndipo mipango mingi hufia. Ripoti ya kwanza tuliyopata ilitoka kwa mpakiaji: mizani ya mizigo ilikuwa imewekwa penye sakafu iliyobonyea, na mfuko uliowekwa upande mmoja ulisoma pungufu. Pengine utaona ni jambo dogo. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, na jua la saa saba likiwaka hewa huwa nyepesi zaidi, ndege inahitaji mwendo mrefu ili iruke. Kilo usizozijua hapo si jambo dogo. Kesho yake tuliihamisha mizani na kuipima upya, tukaandika kwenye ubao pale watu wanapokunywa chai: mizani imehamishwa kwa sababu ya ripoti, asante. Hatukutaja nani. Wiki mbili zilizofuata mzee alipata ripoti nyingine nyingi. Ikiwa jambo haliwezekani, kama ni pesa zimekosekana, andika hivyo pia. Watu huvumilia "bado" kuliko kimya.

Na uwe tayari kwa ripoti itakayomuuma mkubwa. Kwetu ilikuja mwezi wa tano wa mpango. Rubani aliandika kwamba alisukumwa aruke huku mawingu yamefunika vilima vya Ngong, kwa kuwa wateja walikuwa na haraka. Aliyemsukuma ni mkurugenzi mwenyewe. Tulikuwa watatu ofisini. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akainua kichwa: "Nani ameandika hii?" Mzee akakunja karatasi taratibu. "Bosi, tulikubaliana hilo haliulizwi. Ukitaka kujua, mimi nirudi nyumbani leo." Nilisikia saa ya ukutani. Mkurugenzi akatoka nje, akakaa huko kama dakika kumi. Aliporudi aliomba kalamu, akaandika kwa mkono wake kwamba uamuzi wa kuruka au kutoruka kwa sababu ya hali ya hewa ni wa rubani peke yake, akausaini, ukabandikwa ubaoni. Kama angeng'ang'ania jina, ningekuwa naandika makala nyingine. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kaa na bosi wako umuulize atafanya nini siku hiyo, na umpe muda wa kujibu kwa ukweli.

Mwaka jana nilimtafuta yule mwenzangu aliyefutwa kazi. Ana duka la vipuri vya pikipiki Kayole. Nilimweleza kwamba kosa lile lilinitokea mimi kwanza, na kwamba nilinyamaza. Alinisikiliza akiwa anamfungia mteja nati kwenye mfuko, akamrudishia chenji, ndipo akanigeukia.

"Ngazi waliibadilisha?"

Nikamwambia ndiyo, lakini miaka mitatu baada ya yeye kuondoka.